Mzigo Wangu na Mzigo Wetu



Kila mwaka, miezi ya Oktoba na Novemba ifikapo, mji wetu wa Tabora hupokea wageni vijana. Hushuka katika treni za Kigoma na Mwanza na Dodoma, hushuka katika mabasi, begi mkononi na godoro lililokunjwa kichwani. Wengine huingia Chuo cha Ualimu, wengine Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho wazee wangali wakikiita Uhazili, wengine Chuo cha Reli, wengine Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo. Na siku hizohizo watoto wetu wenyewe hutoka hapa kwenda Dar es Salaam na Dodoma na Morogoro. Jambo hili si geni kwetu. Shule ya Serikali ilifunguliwa hapa mwaka 1925, na mwaka 1937 alikuja kusoma humo kijana mmoja wa Butiama, jina lake Julius Nyerere. Tangu zamani Tabora ni mji wa kupokea watoto wa watu na kuwatuma watoto wake.

Basi katika siku hizo mwinjilisti mmoja alinijia na swali. Akasema, "Baba Mchungaji, katika mtaa wangu yuko binti aliyeanza chuo mwezi uliopita. Usiku halali, chakula hakimpiti kooni, na akiketi darasani moyo humwenda mbio kama mtu anayefukuzwa. Aniambia kwamba akipiga magoti kusali, maneno hayaji. Je, huyu amepungukiwa na imani? Nimwonye, au nifanyeje?"

Sikumjibu upesi. Swali hilo nalipata kuulizwa zamani kwa namna nyingine, na jibu nililolitoa lilikuwa baya. Kabla sijanena juu ya wengine, imenipasa kuyakiri ya kwangu.

Miaka kadhaa iliyopita usharika niliokuwa nikiuhudumia ulimtuma kijana mmoja chuoni, mbali na hapa. Jina lake silitaji, wala la chuo; ila yeye mwenyewe amenipa ruhusa niyaandike haya. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mama yake huuza asali na karanga sokoni. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuifikia elimu ya juu. Jumapili ya kumwaga tulimsimamisha mbele ya madhabahu, tukamwekea mikono, tukamchangia fedha. Kisha wazee wakanena mmoja mmoja. Huyu akasema, "Wewe ndiwe taa yetu." Huyu akasema, "Usituaibishe." Mjomba wake akasema, "Ng'ombe wa mwisho ameuzwa kwa ajili yako, ukumbuke." Nami mchungaji wao, nikipendezwa na maneno hayo, nikayatia muhuri kwa Amina.

Juma la sita akanipigia simu usiku. Akasema, "Shikamoo, Baba. Baba, nimechoka." Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Umechokaje, na hata mtihani mmoja hujaufanya?" Akanyamaza kidogo. Kisha akanieleza kwamba halali. Kwamba husoma ukurasa mmoja mara nne wala asijue amesoma nini. Kwamba wenzake wote waonekana kuwa watu wenye akili, na yeye peke yake ameingia pale kwa makosa, na siku si nyingi makosa hayo yatagunduliwa. Nami nikamjibu maneno ambayo nayasikia masikioni mwangu hata leo: "Hayo ni majaribu ya Shetani. Omba zaidi, funga, soma Zaburi. Tena umkumbuke mama yako." Akasema, "Ndiyo, Baba." Hakunipigia tena.

Angalieni nililolifanya. Kijana aliyelemewa alikuja kwangu ili autue mzigo wake kidogo, nami nikamwongezea mitatu. Nikamwongezea hatia, kwamba haombi vya kutosha. Nikamwongezea njaa, kwa kumwambia afunge, naye tayari alikuwa hawezi kula. Nikamwongezea na mama yake juu ya mabega. Karibu na Krismasi mwenzake wa chumba alitambua kwamba ameazimia kufa. Yule mwenzake, Mwislamu wa Pwani, hakumhubiria. Alikaa naye usiku kucha, asubuhi akamshika mkono akampeleka hospitali, kisha akawapigia simu watu wa kwao. Mungu na asifiwe, kijana yu hai. Alitibiwa, akapumzika mwaka mmoja, akarudi akamaliza masomo yake. Lakini si mchungaji wake aliyemsaidia.

Tangu siku zile nimekuwa nikijiuliza: Je, ni dhambi Mkristo kulemewa moyo? Na kama si dhambi, mzigo huo ni wa nani?

Sisi tukaao Unyamwezi imetupasa kulielewa jambo la mizigo kuliko watu wengi, maana mji huu ulikuzwa na wapagazi. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Ujiji. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mabega ya watu yalikuwa yamekwisha kuifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Njia ile haikuwa njema yote. Watumwa walipitishwa humo wakiwa wamefungwa, na mpagazi aliyeugua mara nyingi aliachwa nyuma. Sitaki kuisifu kupita kiasi. Lakini wapagazi walijua jambo moja ambalo mimi, pamoja na elimu yangu yote ya seminari, nalikuwa nimelisahau.

Kila mpagazi alikuwa na mzigo wake, yapata frasila 2, ndizo kama kilo 32. Alipokwenda bara alichukua nguo na shanga na waya wa shaba. Alipokwenda pwani alichukua pembe. Mzigo huo aliuchukua mwenyewe, na Mnyamwezi aliona fahari kuuchukua. Lakini vilikuwako vitu vizito kupita bega moja, wala havikugawanyika. Vitu hivyo vilifungwa katika mti, na watu wawili wakaingia chini ya mti, mmoja mbele na mmoja nyuma. Namna hiyo ya kuchukua huitwa mzegazega. Hakuna aliyemwuliza mpagazi kwa nini yuko mtu wa pili. Mpumbavu angekuwa yule ambaye angejaribu kuuinua mzigo huo peke yake ili asifiwe, akavunjika mgongo kabla ya kambi ya kwanza.

Sasa tusikie Maandiko. Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, anena mambo mawili ambayo kwa haraka huonekana kupingana. Katika mstari wa 2 atuagiza tuchukuliane mizigo. Katika mstari wa 5 asema kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Vijana wa kipaimara huniuliza, "Baba, tushike lipi?" Katika Kiyunani Paulo ametumia maneno mawili yaliyo mbalimbali. La kwanza ni baros, yaani uzito unaomlemea mtu. La pili ni phortion, yaani shehena impasayo mtu au chombo, nalo ndilo neno lililotumika katika Matendo sura ya 27 kwa shehena ya ile merikebu. Basi hakuna kupingana. Iko shehena yangu, nami nitaijibia mbele za Mungu. Na uko uzito ambao Mungu hakuukusudia kwa bega moja. Mpagazi asiyejua tofauti hiyo ataanguka njiani, au atakuwa mvivu anayewatwika wengine shehena yake.

Kwa hiyo kijana akitujia na kusema amechoka, swali la kwanza si kwamba ana imani au hana. Swali ni hili: mzigo huu ni wa namna gani?

Shehena ya mwanafunzi ni kuamka asubuhi, kwenda darasani, kutumia fedha kwa uaminifu, kuwaheshimu walimu, kuuepuka ulevi, na kuuvumilia ugeni. Majuma ya kwanza ya chuo huwa machungu kwa wengi. Mtu aliyekuwa wa kwanza katika shule yake hujikuta katikati ya watu 300 ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Chakula si cha nyumbani, lugha ya masomo ni ngumu, mkopo haujafika, na jioni hakuna amwitaye kwa jina. Kulia katika siku hizo si ugonjwa wala si dhambi. Kwa wengi uchungu huo hupungua mtu akipata rafiki, akizijua njia, na akizoea saa za kazi na za kupumzika. Huyo tumtie moyo aendelee kutembea. Tusimnyang'anye shehena yake kwa kumwita arudi nyumbani siku ya tatu.

Lakini ziko dalili za uzito wa namna ya pili, nazo imempasa kila mwinjilisti na kila mzazi kuzijua. Waganga wamezieleza, nami naziandika kwa maneno mepesi. Wasiwasi ukizidi, moyo hupiga mbio pasipo sababu, mikono hutoka jasho, tumbo husokota, pumzi huwa fupi, na mtu huanza kuyakimbia mambo yenyewe yaliyomleta: darasa, mtihani, watu. Na uko ugonjwa uitwao sonona. Mtu huwa na huzuni, au huwa mtupu kabisa moyoni, karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa majuma 2 au zaidi. Yaliyompendeza hayampendezi tena, ama wimbo, ama mpira, ama rafiki. Usingizi humpotea, au hulala kupita kiasi. Chakula hakimpendezi, au hula pasipo kipimo. Mwili ni mzito, akili haishiki neno, naye hujiona hana thamani, mkosaji katika kila kitu. Mwisho huanza kufikiri kwamba ingekuwa heri asingekuwako. Mtu akifika hapo, tusimngoje. Shirika la Afya Duniani latufundisha kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 ulimwenguni. Ndio umri wa wale tunaowaaga mbele ya madhabahu.

Najua yatakayosemwa, maana naliyasema mimi mwenyewe. La kwanza ni hili: "Mkristo wa kweli hawezi kuwa hivyo, furaha ni tunda la Roho." Ndugu, someni tena 1 Wafalme sura ya 19. Eliya alikuwa ametoka kushinda pale Karmeli, na siku chache baadaye alilala chini ya mretemu akimwomba Mungu amwondolee uhai. Je, Bwana alimkemea? Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala. Akaamshwa, akala tena. Hapo kwanza hapakuwa na mahubiri. Maneno yalikuja baadaye, mlimani, tena kwa sauti ndogo. Na mwisho akapewa Elisha, ili kazi isiwe ya mtu mmoja. Musa naye, katika Hesabu sura ya 11, alimlalamikia Bwana kwamba hawezi kuwachukua watu wote peke yake, hata akaomba kufa. Naye akapewa wazee 70 wauchukue mzigo pamoja naye. Hata Bwana wetu katika Gethsemane aliwataka watatu wakeshe pamoja naye. Kama Mwana wa Mungu aliomba wenzi katika saa ya huzuni yake, ni nani sisi tumwite mdhaifu kijana anayeomba mwenzi?

Nasi tuitwao Walutheri tumkumbuke Martin Luther. Yeye alijua sana giza la moyo, wala hakulificha. Mwaka 1530 alimwandikia barua kijana mmoja, Hieronymus Weller, aliyekuwa akisoma Wittenberg na kukaa nyumbani kwa Luther akiwafundisha watoto wake. Weller alikuwa akiteswa na huzuni nzito. Luther, mwalimu mkuu wa imani, hakumwambia ajifungie chumbani apate kuomba zaidi. Alimwonya auepuke upweke, akamtaka atafute wenzake, acheze nao na kufanya mzaha. Nilipoyasoma hayo nalitahayari, maana mimi nalimtuma kijana wangu kukaa peke yake na njaa yake na Zaburi. Zaburi ni njema. Lakini hata Zaburi ya 88, inayokwisha katika giza, ilitolewa iimbwe na kusanyiko.

La pili litakalosemwa ni hili: "Wazee wetu waliteseka zaidi, nao walivumilia." Kweli waliteseka. Lakini wale wa njia ya misafara hawakusafiri mmoja mmoja. Walikwenda kwa makundi, kirangozi akitangulia, wakiimba, wakipiga kambi pamoja jioni. Kijana wetu wa leo twampa nauli na simu, akaenda peke yake katika mji wa watu milioni, kisha twamwambia awaige wapagazi.

Tena likumbukeni lile lililopita hapahapa kwetu. Mwaka 1872 Dakt. Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji huu, miezi mitano baada ya Stanley kuondoka, akiwangoja wapagazi. Bila wao hakuweza kwenda popote. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake, Susi na Chuma pamoja na wenzao, waliufunga mwili wake kwa magome ya mti na turubai, wakaufunga katika mti ili uchukuliwe na watu wawili. Hivyo wakauleta mpaka Unyanyembe, na mwezi Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Watu wawili walitosha chini ya mti ule, lakini mmoja asingaliweza. Hakuna asemaye kwamba walikuwa dhaifu.

La tatu ni gumu zaidi, nalo latuhusu sisi tunaotuma. Ni nani aliyeutia uzito ule katika bega la kijana wangu? Si chuo peke yake. Twahubiri kila Jumapili kwamba mwanadamu huhesabiwa haki mbele za Mungu kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo yake. Kisha katika ibada ileile twamwaga kijana kwa maneno ambayo humfundisha kinyume: kwamba akifaulu ni mwana wetu, na akishindwa ni aibu yetu. Mdomo wetu wahubiri Injili, na sherehe yetu yamrudisha chini ya Sheria. Yeye huenda na deni la ng'ombe, na la mama, na la ukoo mzima, na kila karatasi ya mtihani huwa kwake siku ya hukumu. Si ajabu moyo wake kupiga mbio.

Sisemi kwamba wazazi wasitumaini, wala kwamba kijana asishukuru. Ng'ombe aliuzwa kweli, na mama alikaa juani kweli. Shukrani ni katika shehena yake. Lakini thamani yake mbele ya Mungu haikununuliwa kwa ng'ombe. Ilikwisha kulipwa msalabani, naye aliipokea katika Ubatizo kabla hajajua kusoma. Neno hilo ndilo impasalo kulisikia siku ya kuagwa. Katika usharika wetu siku hizi twamwambia kila mmoja wao, mbele ya wazazi wake: "Ukifaulu u wetu, ukishindwa u wetu, ukiugua, rudi, mlango haufungwi." Mzee mmoja aliniuliza kama maneno hayo hayatawafanya kuwa wavivu. Nikamjibu kwamba mtoto ajuaye kuna nyumba nyuma yake hutembea mbali zaidi kuliko yule anayekimbia aibu.

Sasa, wainjilisti na walimu, mniruhusu niseme juu ya hospitali. Wako kati yetu wadhanio kwamba ugonjwa wa moyo na akili si wa hospitali, bali ni wa kurogwa, au ni wa kuombewa tu. Historia ya Kanisa letu yatukanusha. Mwaka 1896 wamisioni walifungua Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba ya watoto waliookolewa katika utumwa. Mwaka 1904 nyumba hiyohiyo ikaanza kuwapokea wagonjwa wa akili, ikawa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki, nayo inawahudumia hata leo. Wale waliotutangulia hawakuona kwamba dawa na kazi ya bustani na sala vyagombana. Walimfungua mtoto minyororo ya shingoni, wakaona kwamba iko na minyororo mingine.

Basi mtu mwenye dalili nilizozitaja mpelekeni hospitali, hapa kwetu Kitete, au kituo cha afya kilicho karibu. Na kwa wagonjwa wazito iko Mirembe huko Dodoma. Daktari atampima kwanza, maana uchovu na udhaifu huweza pia kuletwa na malaria, au upungufu wa damu, au magonjwa mengine. Akiona kwamba ni sonona au wasiwasi, upo ushauri wa kuzungumza na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, na ziko dawa. Dawa hizo hazifanyi kazi kwa siku moja. Mara nyingi huchukua majuma kadhaa kabla mtu hajaona nafuu. Mtu asiziache ghafla kwa shauri lake mwenyewe, wala mwinjilisti asimwambie aziache ili aionyeshe imani yake. Mwombeeni, tena mumsindikize kliniki. Sala na safari hiyo havishindani.

Kumbukeni pia Amri ya Tano na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo. Luther hakuridhika kusema kwamba tusimwue jirani. Afundisha kwamba twapaswa kumsaidia katika kila shida ya mwili wake. Mtu aweza kuivunja amri hiyo pasipo kuinua mkono, kwa kukata simu tu.

Nanyi vijana, nina maneno machache kwenu. Lililo shehena yenu lichukueni. Laleni kwa saa zake, kuleni hata kama chakula si kitamu, tembeeni jua likipungua, na ibada msiiache, hata kama mnaketi kimya na wengine ndio waimbao. Usijilinganishe na mwenzako kwa kumtazama usoni, wala kwa picha anazozituma katika simu. Huujui mzigo wake. Lakini uzito ukizidi majuma mawili, au wazo la kufa likikujia hata mara moja, usilinyamazie. Mwambie mtu siku hiyohiyo: mwenzako wa chumba, mshauri wa wanafunzi, mganga, mchungaji. Kama wa kwanza akikujibu vibaya, kama mimi nilivyojibu, nenda kwa wa pili. Kusema ni katika shehena yako. Kusikia ni katika shehena yetu.

Nakiri kwamba hapa pana ugumu ambao sijaumaliza. Aliyelemewa sana hana nguvu hata za kusema. Kijana wangu alisema neno moja tu, "nimechoka," na neno hilo lilikuwa limemgharimu yote aliyokuwa nayo. Kwa hiyo hatuwezi kungoja waje na hotuba ndefu. Imetupasa kuwatangulia. Kila usharika uandike majina ya waliotumwa, na kila jina lipewe mzee mmoja au mama mmoja atakayempigia simu kijana kila juma katika miezi mitatu ya kwanza, asiulize kwanza habari za mitihani, bali aulize, "Umelala? Umekula? Umekaa na nani leo?" Na sharika za hapa mjini, zinazopokea watoto wa watu, ziwakaribishe chakula baada ya ibada. Sahani ya ugali haimalizi sonona, lakini mezani ndipo mtu huonekana kwamba hali.

Na yule binti wa mtaa wa mwinjilisti? Hatukumwonya. Mwinjilisti na mkewe walimwendea jioni, wakakaa naye, wakamwambia asihangaike kutafuta maneno ya kusali. Wao watasali, yeye aseme Amina akiweza. Juma lile mke wa mwinjilisti alikwenda naye hospitali. Siwezi kuwaambia kwamba amepona kabisa. Naweza kuwaambia kwamba wiki hii alikula, na kwamba hayuko peke yake.

Jina la Bagamoyo husimuliwa kwa njia mbili. Wako wasemao kwamba ni neno la watumwa, waliokata tamaa pale ufukoni, wakaibwaga mioyo yao. Wako wasemao kwamba ni neno la wapagazi, waliofika mwisho wa njia, wakatua mizigo, mioyo yao ikapumzika. Mimi siwezi kuamua ni ipi iliyo sahihi. Lakini usiku ule kijana aliponipigia simu, neno lake lilikuwa na njia hizo mbili, na jibu langu ndilo lililokuwa la kuchagua mojawapo. Bwana anisamehe, naye awape ninyi masikio mema kuliko yangu.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.

Ni mimi ndugu yenu katika kazi ya Injili,
Mchungaji, Tabora